Kanisa la makauboi wananifundisha kurusha kamba, nianzie wapi? Na je ni mtego?

mtoto_wa_temeke aliandika:

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nina swali la ajabu kidogo, chekeni lakini mnijibu.

Naishi Texas, nje ya Fort Worth upande wa Weatherford, huku ni farasi na ng'ombe tu. Jirani yangu ni mzee wa kizungu, kofia haitoki kichwani hata akienda kutupa takataka. Juzi kati akatualika kanisani kwao, yale makanisa wanaita cowboy church, mke wangu akasema twende bwana jirani ni jirani. Basi mimi nikavaa suti. Tunafika, jengo lenyewe la bati kama godauni, watu wote jinzi na mabuti, mengine yana mavi ya farasi kabisa, kahawa mlangoni, mahubiri mafupi hata sijasinzia. Sadaka hawapitishi kikapu, kuna buti la zamani liko nyuma karibu na mlango, ukitaka unatumbukiza usipotaka unapita zako hakuna anayekukodolea macho. Na watu wanabatizwa kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, lile la bati, nimeona kwa macho yangu.

Sasa nyuma ya kanisa kuna uwanja wa mchanga umezungushiwa uzio wa mabomba. Alhamisi jioni wanawasha taa na wanafundisha yeyote anayetaka kurusha kamba ya kukamatia ng'ombe, bure, hata kama husali kwao, hata kama husali kabisa. Wakanipa kamba. Nikawaambia jamani mimi ng'ombe nimemfahamia kwenye supu, wao wanadhani kwa vile natoka Afrika basi nimekulia zizini, wakaniweka mbele ya kichwa cha ng'ombe cha plastiki kilichochomekwa kwenye robota la nyasi, nirushe. Weee, ile kamba ikiingia kwenye pembe zote mbili ukaivuta ikakaza, acheni tu. Sasa hivi dogo wangu wa miaka tisa anakamata viti vya sebuleni, mama yake amekasirika.

Maswali yangu:
kamba ya kununua ni ipi maana dukani nimekuta ukuta mzima wa kamba na zote naona sawa, pili hatari yake ikoje nikifika kwenye ng'ombe wa kweli, na tatu hili ndio linanisumbua, sisi tunasali kwenye ibada ya Kiswahili mjini, mzee mmoja wa kanisa aliposikia akaniambia huo ni mtego, wanakuvutia kwa michezo halafu wakuchukue. Mnaonaje?

mzee_wa_bima aliandika:

Marahaba. Mzee wenu hajakosea sana. Hakuna cha bure mwanangu, taa za uwanja zinalipiwa umeme, mchanga unalimwa kwa trekta kila wiki, ng'ombe wanakula, sasa unadhani nani analipa na kwa nini? Hiyo makanisa wanaita kufikia jamii, na maana yake ni kufikia watu ili waje. Hata kwetu wamisionari walikuja na shule na zahanati, tulisoma, tulitibiwa, na wengi wetu tukabatizwa, sisemi ni vibaya (mimi mwenyewe nina jina la mtakatifu) nasema tu ujue unacheza kwenye uwanja wa nani.

Ila mimi la kiroho nawaachia wengine, nina la kidunia. Hapo getini pa uwanja kuna kibao, umekisoma? Nakuhakikishia kipo. Sheria ya Texas, ile Civil Practice and Remedies Code sura ya 87, inasema mwenye shughuli za wanyama wa shamba hawajibiki ukiumia kutokana na hatari za kawaida za wanyama hao, na kibao ndio kinakutangazia hivyo. Halafu kuna karatasi walikusainisha wewe na dogo, najua ulisaini bila kusoma maana wote tunasaini hivyo. Maana yake farasi akimkanyaga mtoto mguu, gharama ni kwako, labda iwe kuna uzembe mkubwa upande wao na hapo ni mambo ya mawakili. Kwa hiyo kabla ya kununua kamba hakikisha mna bima ya afya inayoeleweka, sio ile ya kujipa moyo. Mtu anavunjika mkono huku bili inakuja kama bei ya gari.

Baada ya hapo karushe kamba zako.

mama_wa_farasi aliandika:

Hahaha suti! Karibu sana kaka. Mimi ni nesi, Mkenya, niko Stephenville, huku wenyewe wanajiita mji mkuu wa makauboi duniani na kwa kweli ukienda kununua maziwa unapishana na bingwa wa dunia kwenye foleni. Nilianza nikiwa mtu mzima, na mwili wa mama wa watoto watatu, so usiogope.

Kamba kwanza. Ule ukuta wa kamba unatofautiana kwa vitu viwili vikubwa, urefu na ugumu. Kamba ya kukamata kichwa ni fupi kidogo na laini, futi 30 mpaka 32 hivi, na ya kukamata miguu ya nyuma ni ndefu, 35 hivi, na ngumu zaidi kwa sababu kitanzi kinatakiwa kisimame wima chini ya tumbo kisubiri miguu iingie. Wewe chukua ya kichwa, laini, waambie extra soft au soft watakuelewa. Mtoto usimpe ya kwako, zipo za watoto fupi na nyembamba, ukimpa kubwa mkono wake hauzungushi anaishia kukasirika. Bei ya nzuri ni dola hamsini kwenda juu lakini mimi nakushauri usinunue kabisa mwanzoni, omba pale kanisani kamba kuukuu, wanaropingi, yaani warusha kamba, wanazitupa zikishalegea na kwa kichwa cha plastiki hazina neno. Usiiache kwenye gari, joto la Texas linailegeza inakuwa kama tambi na baridi inaikakamaza, ndio maana utaona watu wana mfuko maalum wa kamba, na wanazipaka poda ya watoto ziteleze. Vaa glavu nyembamba ya pamba kwenye mkono unaorushia.

Sasa kurusha. Wengi wanaoanza wanashika kitanzi karibu mno na kile kijicho ambacho kamba inapita ndani yake, kitanzi kinakosa uzito kinajikunja kinakufa hewani. Acha nafasi kati ya mkono wako na kijicho, kama robo ya kitanzi au zaidi, ndio ile nafasi inayoifanya ncha iwe nzito iende mbele. Kiwiko juu, kifundo cha mkono ndio kinazunguka sio bega, na huna haja ya nguvu, ukitoka jasho ujue unakosea. Ukiachia, mkono unyooke kuelekea pembe na kiganja kifunguke chini kama unamsalimia mtu mfupi. Halafu VUTA. Hapa ndio watu wanapoteza, kitanzi kimeingia vizuri wanasimama kushangilia badala ya kuvuta ulegevu, ng'ombe wa kweli hasubiri ushangilie, anatoka nacho.

Baki kwenye plastiki mpaka uchoke, halafu ubaki tena. Ukiruhusiwa kupanda farasi kaa kwanza bila kamba kabisa, jifunze kupanda, maana mtu hawezi kujifunza farasi na kamba siku moja, hiyo ndio njia ya kuja kuniona mimi pale emajensi.

Na hatari kubwa kuliko zote nikwambie kama nesi: kidole gumba. Kwenye kukamata wawili wawili, ile team roping, mmoja anakamata pembe halafu anazungusha kamba kwenye kipembe cha tandiko lake, wanaita kupiga dali, anamgeuza maksai kushoto ili mwenzake akamate miguu miwili ya nyuma. Sasa pale kwenye kuzungusha, ng'ombe wa kilo mia mbili na ushee anavuta upande mmoja, farasi upande wa pili, na katikati kuna kidole. Utawaona wazee pale kanisani, angalia mikono yao wanapokusalimia, kuna ambao gumba halipo. Gumba lielekee juu daima, na ukiona umechelewa kuzungusha, achia kamba. Achia! Kamba ni dola hamsini.

Mimi binafsi sipigi dali ndio maana nilichagua brekawei. Ndama anatoka, unarusha, kamba imefungwa kwenye tandiko kwa uzi mwepesi, ikikaza uzi unakatika na saa inasimama, ndama anaendelea na kamba yake mpaka wamvue. Hakuna wa kuangushwa wala kufungwa. Wanawake tumeupenda sana huu mchezo, mwaka 2020 ndio fainali ya taifa ya brekawei ilifanyika kwa mara ya kwanza pamoja na fainali kubwa za rodeo (yale mashindano ya makauboi), hapo hapo kwenu Arlington. Mwambie mkeo aje na yeye, asikae na viti vyake.

mutoto_ya_uvira aliandika:

Bonjour bandugu. Mimi niko Abilene, tulifika kama wakimbizi, batu ya Congo tuko wengi hapa. Kwetu tulikuwa na ngombe mingi, baba yangu alikuwa muchungaji ya ngombe (siyo ya kanisa). Mara ya kwanza bale bazungu banatupeleka kuona iyi mambo ya kamba, baba alisimama ku uzio akauliza, uyu ngombe ni mugonjwa? Anapelekwa kwenye sindano? Nikamwambia hapana baba, banacheza tu. Akanyamaza. Kisha akasema kwa nini banamukimbiza basi, ngombe ya kukimbizwa haitoe maziwa.

Kwa iyo mimi minataka kusema juu ya nyama menyewe, ile ngombe, maana hakuna mwenye alisema. Nilienda kuuliza. Banatumia ngombe ndogo ya pembe, banaita Corriente, asili yake Mexico, haiko ya maziwa. Pembe na masikio banazifunga na kitambaa kinene juu ya kamba isiumize. Banabadilisha ngombe, moja haikimbie mara mingi siku moja, sababu ikichoka inakataa kukimbia na michezo inaharibika. Ile ya kuangusha kandama kadogo na kukafunga miguu tatu, mimi siipende, na hata bazungu benyewe banagombana juu yake. Ile ya batu wawili iko afadhali, na ku ranchi banaitumia kweli kama ngombe ina kidonda mbali na zizi.

Ku batoto: kanuni moja tu. Hapana kamba ku shingo ya mutoto mwenzake, hata kwa kucheka. Miguu ndiyo, shingo hapana. Bambie pale kanisani, batakubali, kwao pia ni kanuni.

Baba sasa anaenda kila wiki. Anakaa ku kiti, anabambia na Kiswahili kwamba banakosea, benyewe banasema yes sir.

shemasi_mstaafu aliandika:

Nimecheka na baba wa Uvira mpaka basi.

Niseme upande wa kanisa sababu nimekuwa kwenye kamati za uinjilisti miaka mingi, kwanza Arusha kisha huku Dallas, na nina wivu na hawa watu, nakiri. Haya makanisa yalianzia wapi, yalianzia nyuma ya mazizi ya rodeo. Rodeo ni wikiendi, Jumapili mtu yuko barabarani na trela la farasi, na hata akiwa mjini akiingia kanisani na buti lake anaona watu wanavuta pua. Basi wachungaji wakawafuata huko huko, sala ya dakika chache kabla ya mashindano, kofia zikiwa mkononi. Baadaye ndio yakawa makanisa yenye majengo, hapa Texas lile la Ellis County pale Waxahachie lilianza mwaka 2000 na likakua haraka sana, mengine mengi yakaiga mtindo. Na mtindo wenyewe ni huo aliouona ndugu yetu: wameangalia kila kitu kinachomfanya mtu aone aibu kuingia mlangoni, nguo, kikapu cha sadaka kinachopita mbele yako, kuitwa mbele, mahubiri ya saa mbili, wakakiondoa kimoja kimoja. Uwanja sio chambo juu ya hayo, uwanja ndio sehemu yenyewe watu wanapokutana, wengine wanakaa pale uwanjani mwaka mzima ndani hawajaingia na hakuna anayewahesabu.

Sisi tunafanyaje? Tunaandaa tamasha la kwaya, tunachapisha kipeperushi, halafu tunawapelekea watu ambao tayari ni waumini wa kanisa jingine la Waswahili, tunagombania kondoo wale wale. Majirani zetu Wamarekani, Wamexico, hata Wakongo wasiosali, hawajui tupo. Mzee wa kanisa anayeita ule uwanja mtego ningemwuliza, je sisi tuna nini Alhamisi jioni ambacho mtoto wa miaka tisa anakililia? Hatuna. Tuna kikao.

Lakini namwunga mkono mzee wa bima kwenye jambo moja. Kanisa linalofanya michezo likianza kukuuliza uliza mbona Jumapili hatukuoni, hapo tena ni kitu kingine. Mpaka sasa wamekuuliza?

Na lingine, usijione mgeni pale kwa rangi yako. Wanahistoria wengi wanakadiria robo hivi ya makauboi wa zamani waliokuwa wakiswaga ng'ombe kutoka Texas walikuwa weusi, wengi walikuwa watumwa kwenye ranchi kabla ya uhuru, kazi ya ng'ombe waliijua hasa. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas 1870, ndiye anayesifiwa kuanzisha ule mchezo wa kuruka kutoka kwenye farasi na kumwangusha maksai kwa pembe. Na kwenye kamba zenu hizi kuna Fred Whitfield, mtu mweusi wa Texas, ubingwa wa dunia mara nane, saba za kukamata ndama na kumfunga, na moja ya jumla. Januari kwenye Fort Worth Stock Show, yale maonyesho ya mifugo, Jumatatu ile ya Martin Luther King, kuna Cowboys of Color Rodeo, rodeo ya makauboi weusi na wengine wasio wazungu, mpeleke dogo akaone.

mzee_wa_bima aliandika:

Shemasi umeongea. Ila hiyo ya kwamba uwanja sio chambo, bado nabisha. Chambo kizuri ndio hicho ambacho hata mvuvi mwenyewe anakila.

mtoto_wa_temeke aliandika:

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote mara mbili na mke wangu kasoma juu ya bega langu. Kibao kipo kweli getini, nimekipita bila kukiona nikidhani ni tangazo la chakula cha farasi. Karatasi nimeitafuta nimeisoma, ni kama alivyosema mzee wa bima, bima ya dogo tunayo ya kazini kwa mama yake.

Shemasi, hawajaniuliza. Nilimwuliza mimi yule jirani, nikamwambia wazi sisi tuna kanisa letu la Kiswahili na hatuhami, akasema sawa, Alhamisi sio Jumapili, halafu akaniuliza kama kwetu kuna mtu anayejua kupika nyama ya kuchoma kwa ajili ya watu mia na kitu maana wana rodeo ya watoto na mpishi wao kaumwa. Nikasema wapo wengi. Sasa naona kwaya yetu ya kina baba inaenda kuchoma mbuzi kwa makauboi, mzee wa kanisa nimemwambia akasema atakuja "kuangalia tu".

Mama wa farasi, mbili za mwisho. Nikikomaa naweza kucheza na nani maana wote pale ni wataalam mimi nitawaharibia? Na dogo ni wa mashoto, anarusha kwa kushoto, mwalimu mmoja anambadilisha, mwingine anasema amwache. Nifuate nani?

mama_wa_farasi aliandika:

Mbuzi wa kuchoma Weatherford, nitumieni location jamani.

Kwanza, hutamharibia mtu. Kila mropingi anapewa namba ya uwezo wake, anayeanza kabisa anaanzia 1 na inapanda kadiri unavyokuwa moto. Mashindano mengi ya kulipia yanaweka kikomo, namba zenu wawili mkijumlisha isizidi kiasi fulani, kwa hiyo mtaalam akitaka kuingia kwenye daraja la chini lazima atafute mtu mwenye namba ndogo. Yaani wewe na unyonge wako ndio mali, utapigiwa simu. Na sheria utazijua taratibu, kwamba mwenzako wa miguu akikamata mmoja badala ya miwili mnaongezewa sekunde tano, kwamba ukitoka kabla maksai hajapewa nafasi yake unaadhibiwa, hayo ya baadaye.

Dogo sasa. Wote wawili wako sawa kwa namna yao. Ule mchezo wa wawili umepangwa kwa mkono wa kulia, anayekamata pembe anakaa kushoto kwa ng'ombe na kila kitu kinageukia kushoto, mashoto anapata tabu sana pale, ndio maana mwalimu wa kwanza anataka kumbadilisha mapema. Lakini kwenye brekawei na ule wa kufunga ndama yuko peke yake, mashoto wapo na wanashinda. Kwa miaka tisa mimi ningemwacha arushe kwa mkono wake, ila mnunulie kamba ya mashoto, zipo, zimesokotwa kinyume na hizi za kawaida. Akitumia ya kulia kwa mkono wa kushoto itakuwa inajiviringa kila saa atadhani hawezi. Ule ukuta wa dukani zinakaaga chini kabisa pembeni, chache, uliza.